Mafuta ya Karafuu na Maembe ya Ami

Zipo harufu mbili ambazo mtu wa pwani huzitambua hata akifungwa kitambaa machoni. Ya kwanza ni ya karafuu, ambayo tumekua nayo katika pilau, katika sanduku la nguo za bibi, na katika jino linalouma usiku wa manane. Ya pili ni ya embe lililooza chini ya pakacha. Sikupata kuzifikiria harufu hizi mbili pamoja mpaka siku nilipoliona shoka la ami yangu.

Ami anakaa Mambrui, kaskazini ya Malindi, katika shamba aliloachiwa na babu. Miembe iliyomo ni ya ngowe, boribo na dodo, na mingine ni mikubwa hata watu wawili hawawezi kuikumbatia wakashikana mikono. Ijumaa moja, baada ya sala, nilikwenda kumjulia hali. Nikamkuta ameketi barazani peke yake, shoka limeegemea ukuta, na uani makreti ya maembe yaliyorudi kutoka Mombasa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Maembe ni tele kama uonavyo, lakini hakuna hata moja la kumpa mgeni."

Nikalichukua moja. Upande mmoja lilikuwa na rangi nzuri ya manjano, na upande wa pili limejaa madoa meusi yaliyodidimia, kama mtu aliyelichoma kwa kijinga cha moto. Karibu na kikonyo, ganda lilikuwa limelainika na maji yanatoka. Ami akanieleza habari yake. Maembe yaliondoka shambani yakiwa magumu na safi, akayapeleka kwa pikapu hadi soko la Kongowea. Dalali akayaweka siku nne akingojea bei ipande. Siku ya tano yalipoanza kuiva, madoa nayo yakatoka, na wanunuzi wakageuza nyuso.

"Mwaka jana vivi hivi, na mwaka juzi vivi hivi," akasema ami. "Yuko mtu anataka miti hii aichome makaa. Na yuko mwingine anataka shamba alikate viwanja. Mimi nimechoka kulima chakula cha nzi."

Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jawabu. Miembe ile ndiyo iliyonisomesha mimi. Nikamwomba jambo moja tu: asilishike shoka mpaka msimu mmoja zaidi upite. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Haya, bwana mwandishi. Kaandike basi, tuone kama kalamu itazuia kuoza."

ADUI ALIYELALA

Nilianza kwa kumwendea bwana shamba mmoja, mtu mzima mwenye subira. Yeye alinifungua macho kwa jambo ambalo naamini wengi wetu hatulijui. Sisi hudhani ya kuwa embe huugua sokoni, kwa sababu sokoni ndiko tunakoliona likioza. Kumbe ugonjwa huo, ambao wataalamu huuita chule, umeingia zamani, tangu mti ulipokuwa na maua na vitoto vya maembe.

Chule huletwa na kuvu, yaani jamii ya ukungu. Kuvu hii hukaa katika vijiti vikavu, majani makuukuu na mashada ya maua yaliyokufa mtini. Mvua ikinyesha, matone hurusha mbegu zake, ambazo ni ndogo hata jicho halizioni, zikaangukia maua na maembe machanga. Mbegu ikipata unyevu huota, ikajishikiza barabara juu ya ganda, kisha ikatulia. Hailiharibu embe wakati huo, bali hulala, hata miezi.

Kwa nini ilale? Kwa sababu embe bichi lina silaha zake. Ndani ya ganda lake mna vitu vikali ambavyo kuvu haiwezi kushindana navyo. Lakini embe likianza kuiva, silaha hizo hupungua, sukari huongezeka, nyama hulainika, na hapo adui huamka. Ndiyo maana embe la ami liliondoka Mambrui likiwa safi, na Mombasa likafichua siri liliyokuwa nayo tangu utoto. Kuoza kule kwa karibu na kikonyo ni kuvu nyingine, lakini nayo hungojea vivyo hivyo mpaka tunda liive.

Ami si peke yake katika msiba huu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba karibu thuluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa. Sisi ambao Kurani inatukataza israfu, hatuwezi kuisikia hesabu hiyo kisha tukaendelea kuteremsha tonge kama kwamba haituhusu.

KWA NINI KARAFUU?

Nikakumbuka sanduku la bibi. Alikuwa akitia karafuu katikati ya kanga zake, na nguo zikitoka mle baada ya mwaka hazina hata dalili ya ukungu. Nikajiuliza: ikiwa karafuu huilinda kanga, je, haiwezi kulilinda embe?

Swali hili si jipya, na jawabu lake limo katika mafuta ya karafuu. Mafuta haya si kama ya nazi au ya simsim. Ukitia tone la mafuta ya nazi juu ya karatasi, doa hubaki. Ukitia tone la mafuta ya karafuu, polepole huruka hewani na harufu ikajaza chumba. Ni mafuta yanayoruka, kama yale ya waridi, ya mdalasini, ya mchaichai na ya mrihani. Ujuzi wa kuyatoa kwa mvuke waandishi wa Kiislamu waliuandika tangu kale. Al-Kindi, aliyeishi Iraki katika karne ya 9, aliacha kitabu kizima juu ya manukato na namna ya kuyakeneka.

Hapa jirani yetu, kisiwani Pemba, kazi hiyo inafanywa kwa makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu zikisha kuchambuliwa. Mvuke wa maji moto hupitishwa katika makonyo, ukabeba mafuta, kisha ukapozwa ukawa maji tena. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, basi huzama chini yakakingwa. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli, na hicho ndicho kinachotuliza jino. Madaktari wa meno hukichanganya na unga wa zinki wakaziba nacho jino bovu.

Eujenoli huifanya nini kuvu? Kila chembe ya kuvu ina utando wa mafuta mafuta unaoizunguka kama ngozi. Maji hayaupenyi kwa urahisi, lakini mafuta na mafuta hujuana. Eujenoli huingia katika utando ule na kuulegeza, na vilivyomo ndani vikaanza kuvuja kama mchele katika gunia lililotobolewa na panya. Kuvu ikivuja hivyo haioti wala haienei. Mafuta ya mdalasini, ya mchaichai na ya zaatari huishambulia vilevile, kila moja kwa kitu chake.

WALIOTUTANGULIA

Msomaji atauliza, kwani dawa za viwandani hazipo? Zipo, na zimefanya kazi kubwa. Lakini kuvu ni kiumbe mjanja. Katika machungwa, kwa mfano, dawa moja iliyotegemewa sana dhidi ya ukungu wa kijani, iitwayo thayabendazoli, ilipotumiwa mfululizo ukatokea ukungu usioijali, na jambo hilo lilikwisha kuonekana katika miaka ya 1970. Tena nchi zinazonunua matunda yetu zinazidi kupunguza kiasi cha dawa kinachoruhusiwa kubaki juu ya ganda. Ndipo wataalamu walipogeukia mitishamba.

Sri Lanka, nchi ya mdalasini, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kelaniya walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wao juu ya mafuta ya mdalasini na ya karafuu, wakaonyesha kuwa yanazizuia kuvu zinazoozesha ndizi. Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tshwane, wamejaribu mvuke wa mafuta ya zaatari katika maparachichi. Nchini Malaysia, mwaka 2011, wataalamu walichanganya mafuta ya mdalasini na gundi ya mgunga, wakayapaka ndizi na mapapai kwa mchanganyiko ule, na chule ikapungua. Kipimo chao kilikuwa gramu 100 za gundi na mililita 4 za mafuta kwa kila lita moja.

Gundi ile ina kazi mbili. Kwanza, mafuta na maji hayapatani, na gundi ndiyo inayowapatanisha. Katika maabara wengine huyayeyusha mafuta kwa spiriti, na najua baadhi ya wasomaji wangu wataona uzito hapo. Gundi ya mgunga huondoa shaka hiyo, na ni kitu kinacholiwa, tena kinapatikana katika nchi yetu wenyewe, upande wa kaskazini. Pili, gundi hukauka ikawa kama kijiganda chembamba juu ya tunda. Huyazuia mafuta yasiruke yote kwa siku moja, na hulipunguzia tunda kukauka na kunyauka.

EMBE LENYE LADHA YA PILAU

Basi nami nikataka kujaribu. Nilikwenda Mji wa Kale, Mombasa, nikanunua kichupa cha mafuta ya karafuu na gundi. Na hapa sina budi kuungama kosa langu, ili mwingine asilirudie. Kwa haraka yangu sikupima kitu. Nilichovya pamba katika mafuta matupu nikayapaka maembe 10 ya dodo, nikayapanga juu ya meza kwa fahari.

Siku ya tatu maganda yalikuwa yamebabuka, yana mabaka ya kahawia kana kwamba yamepitishwa motoni. Kweli hayakuwa na ukungu, lakini nani angeyanunua? Jioni hiyo alikuja shemeji yangu, nikamkatia moja. Alitafuna kwa adabu, akameza, kisha akauliza, "Bwana, embe gani hili lina ladha ya pilau?" Watoto walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi nilijifunza kwamba kitu chenye nguvu ya kuiua kuvu kina nguvu pia ya kulichoma tunda. Dawa ni kipimo.

Msimu uliofuata nilirudi Mambrui. Safari hii nilimsikiliza bwana shamba. Tulichuma boribo kwa kingoe chenye kikapu, yasianguke chini, tukayaachia kila moja kipande cha kikonyo. Kisha tulivikata vikonyo na kuyainamisha maembe utomvu utoke, usichome ganda. Tukayagawa mafungu 3, kila fungu maembe 20.

Fungu la kwanza tuliliacha vivyo hivyo. La pili tuliliosha kwa maji ya moto, kwani hii ni dawa iliyothibitika zamani dhidi ya chule: maji yenye joto la nyuzi 52 hivi za Selsiasi, kwa dakika 5, kisha kupozwa. Lazima pawepo kipima joto, maana maji yakizidi moto, embe hupikwa. Fungu la tatu tuliliosha kwa maji ya moto vilevile, na lilipokauka tukalichovya katika maji ya gundi yenye mafuta ya karafuu, mililita 2 tu kwa lita. Nilipunguza kipimo cha wale wa Malaysia kwa kuwa mafuta yangu yalikuwa mengine, na kwa kuwa nilikwisha kuonja pilau.

Tukayaweka yote katika chumba kimoja chenye kivuli na hewa. Siku ya tano madoa yakatokea katika fungu la kwanza. Siku ya tisa tukahesabu, ami mwenyewe akiwa hakimu. Katika fungu la kwanza maembe yaliyofaa kuuzwa yalikuwa 6. Katika la pili, 13. Katika la tatu, 16. Tulikata moja la fungu la tatu, tukalimenya, na hakuna aliyesikia ladha ya karafuu, ila harufu kidogo katika ganda.

"Alhamdulillahi," nikasema mimi, nimejaa furaha.

Ami hakujaa furaha. Alichukua yale 4 yaliyooza katika fungu la tatu, akayageuzageuza. "Tazama," akasema, "haya yote yameanzia kikonyoni. Na hebu hesabu vizuri, mwanangu. Kutoka 6 mpaka 13 ni kazi ya maji. Kutoka 13 mpaka 16 ndiyo kazi ya karafuu yako."

Nilinyamaza tena, kwa sababu mzee yule asiyekwenda chuo chochote aliisoma hesabu ile kuliko mimi. Mafuta hukaa juu ya ganda. Yanaizuia kuvu inayotua juu na inayotaka kutoka, lakini ile iliyokwisha kujichimbia ndani kabisa hayaifikii yote. Joto la maji hupenya kidogo zaidi. Na kuliko vyote viwili, bora ni kumzuia adui asilale katika embe tangu mwanzo, yaani kuisafisha miti. Karafuu ni mlinzi mzuri wa mlango, lakini mlinzi hawezi kumtoa mwizi aliyelala chini ya kitanda.

Nami naongeza kwamba maembe 60 ya nyumba moja si elimu ya kutangazia nchi nzima. Mti mwingine, mvua nyingine, au aina nyingine ya embe huenda ikatoa hesabu nyingine. Mwenye kutaka kujaribu aanze na machache, na apime.

MANUKATO SI YA KUFICHA UOZO

Kabla sijamaliza, nina maneno mawili ya tahadhari. La kwanza, mafuta ya karafuu matupu si marashi. Huchoma ngozi na macho, na mtoto akiyanywa ni hatari kubwa kwa maisha yake. Kichupa kiwekwe mbali, kama inavyowekwa dawa nyingine yoyote. Ni kweli kwamba Marekani, tangu 1996, imeyatia mafuta ya karafuu, ya mdalasini, ya zaatari na ya mchaichai katika orodha ya vitu vyenye hatari ndogo kabisa. Lakini hatari ndogo si sawa na hakuna hatari, na kwetu mwenye kutaka kutengeneza dawa ya mazao auze hana budi kuisajili kwanza kwa mujibu wa sheria.

La pili ni la soko. Nimekwisha kumsikia mchuuzi mmoja, nilipomweleza habari hii, akisema, "Vizuri! Basi lile lililoanza kuharibika nitalipaka linukie." Hasha! Mafuta haya hayalirudishi embe lililooza. Huzuia tu yasiyooza bado. Sote tumesimuliwa madrasani jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, na jinsi alivyomkemea mwenye kuificha kasoro ile. Embe lililopakwa kitu, mnunuzi aambiwe kwamba limepakwa, naye alioshe kabla ya kulila. Biashara ya namna hiyo ndiyo yenye baraka.

Na shoka je? Nilikwenda Mambrui kabla ya mvua za vuli nikalikuta halipo barazani. Moyo ulinipasuka. Nikapita haraka nyuma ya nyumba, nikamkuta ami na vijana wawili juu ya miembe, wanakata matawi makavu, na chini rundo la vijiti na majani makuukuu linateketea. Miti ilikuwa imefunguka, jua linapita katikati na upepo wa bahari unapita.

Msimu huo maembe yake yalikwenda Kongowea katika makreti ya kina kifupi, yameoshwa kwa maji ya moto, na machache yale bora yamechovywa katika gundi na karafuu. Kuna yaliyooza, siwezi kusema hayakuoza. Lakini makreti yaliyorudi Mambrui yalirudi matupu. Mtu wa makaa alipokuja tena kuuliza, ami alimkaribisha vizuri, akampa sahani ya boribo iliyomenywa, na hakumjibu neno jingine.